Kwa Nini Nilishuka Kwenye Lori

Kwa Mzee Novatus,
Kijiji cha Kibimba,
S.L.P. Rulenge,
Ngara.

9 Septemba, 1979

Mpendwa Dada Clotilda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji naye, na mtoto ambaye hatujamwona bado kwa macho ila kwa picha ile uliyotuma, ambayo Mama ameifunga kwenye khanga na kila mgeni akija lazima aonyeshwe. Je, baridi ya Songea imepungua? Kile kifua chako kilichokusumbua mwezi wa sita kimepona? Wewe ni nesi, unawatibu watu, lakini nakujua: dawa za wengine unazikumbuka na zako unazisahau.

Sisi hapa hatujambo. Baba mguu wake unamuuma asubuhi tu, jua likishapanda anatembea vizuri. Mama ni mzima. Mvua za vuli zimeanza kunyesha kidogo, tumeshapanda maharage kule bondeni, na migomba ya nyuma ya nyumba inazaa vizuri mwaka huu. Vitu vya dukani ndivyo vya shida. Sabuni tunaisikia kwa jina. Mafuta ya taa yakifika duka la kijiji, foleni inaanza kabla jogoo hajawika.

Habari njema ambayo najua unaisubiri: Kaka Audax ni mzima. Tangu alipoondoka na mgambo mwaka jana tulikuwa tukiishi roho mkononi. Sasa tumepata salamu zake kwa kijana mmoja wa Biharamulo aliyerudi. Anasema wapo Uganda bado, vita vimekwisha, wanalinda, na amenenepa. Mama alilia aliposikia amenenepa. Hatujui atarudi lini, lakini sasa tunalala.

Dada, barua yako ya Julai niliipata. Niliisoma, nikaikunja, nikakaa nayo muda mrefu bila kujibu. Uliniuliza bila kuzunguka: ni kweli kwamba nilikosa mtihani kwa kumfuata mume wa mtu? Sikukasirika. Ungesikia kwa wengine ukanyamaza ndipo ningekasirika. Lakini nilitaka matokeo yatoke kwanza, ili nikueleze jambo lote mpaka mwisho wake. Yametoka. Kwa hiyo nisikilize.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba ninasoma uhasibu kwa njia ya posta, huku natunza hesabu za bohari ya hospitali hapa Rulenge. Mitihani mingine nilikuwa nimeshaimaliza. Ulibaki mmoja tu, nao ndio mgumu kuliko yote: uhasibu wa menejimenti. Huu si ule wa kuandika kilichoingia na kilichotoka. Huu unakutaka ufikiri kama meneja: kitu hiki kitagharimu kiasi gani kabla hakijatengenezwa, tuendelee kukitengeneza au tuache, na kwa nini bajeti ilisema hivi na mambo yakaenda vile. Nilisoma peke yangu miezi kadhaa nikawa kama mtu anayetwanga maji.

Ndipo tukajikuta watatu. Wa kwanza ni Febronia, unamfahamu, yule mliyeimba naye kwaya, sasa ni karani wa duka la kijiji na ameolewa na Bonaventura. Wa pili ni Anastazi Nyandwi. Huyu alikuja na mkewe Niragira kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakapewa shamba, na yeye anatunza hesabu za karakana ya useremala. Kila Jumamosi mchana tulikuwa tunakaa kwenye chumba cha katekesi, paroko alituruhusu.

Ungetuona ungecheka. Vitabu ni vya Kiingereza, na Nyandwi shule yake ilikuwa ya Kifaransa. Basi mimi nasoma swali na kulitafsiri. Yeye akishalielewa analifungua kama mtu anayemenya ndizi, anatuonyesha njia. Halafu Febronia, ambaye kichwa chake hakipitwi na neno, anatukaririsha maana za maneno yote mpaka tunaota nayo. Tulikuwa tunabishana kwa Kiswahili, na tukikwama kabisa tunaingia Kihangaza chetu, Nyandwi anajibu kwa Kirundi, tunaelewana. Bila mmoja wetu wawili waliobaki wasingefika popote.

Kulikuwa na somo moja lililotushinda mimi na Febronia, la kujua ni wakati gani biashara haipati hasara wala faida. Nyandwi akachukua karatasi ya mfuko wa saruji, akaikung'uta, akatuchorea kwa mkaa mfano wa viti vya karakana. Mstari mmoja wa gharama ambazo zipo hata usipotengeneza kiti kimoja. Mstari wa pili wa gharama zote kwa jumla, unaopanda kadiri viti vinavyoongezeka. Mstari wa tatu wa mapato, nao unapanda mpaka unaukata ule wa pili. Chini ya makutano akaandika kwa herufi kubwa HASARA, na juu yake FAIDA. Siku hiyo nilielewa. Febronia akasema karatasi hii haiachwi, tunaenda nayo mpaka Mwanza tuiangalie asubuhi ya mtihani.

Mtihani ulikuwa Novemba, Mwanza. Na wewe unajua Novemba hiyo ilikuwaje. Adui alikuwa ameingia kaskazini ya mkoa wetu, watu wa Kyaka na Missenyi wamekimbia na watoto migongoni, magari ya serikali yote yamekwenda vitani. Audax alikuwa ameondoka wiki mbili kabla. Baba alisema nisiende. Nilimwambia nikikosa mtihani huu nitasubiri nusu mwaka, akasema, "Haya. Lakini usiwe na haraka zako."

Nyandwi, kwa kuwa ni mkimbizi, hawezi kutoka wilayani bila kibali. Alikifuatilia Ngara mpaka akakipata. Febronia naye alikuwa na vita vyake nyumbani: mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaachishwa ziwa, na Bonaventura alimruhusu safari hiyo moja tu, akasema asimwombe tena. Tukapata lori la maharage lililokuwa linakwenda upande wa Geita. Tulipanda juu ya magunia tukiulizana maswali njia nzima.

Tulikuwa tumeshapita Biharamulo tulipokuta kizuizi cha mgambo. Walikuwa wanatafuta majasusi, na hilo halikuwa kosa lao, wakati ulikuwa huo. Kiongozi wao alikuwa mtu mzima, Msukuma, aliitwa Ndassa. Alitusalimu kwa adabu kabisa. Akaangalia kibali cha Nyandwi, kilikuwa kimelowa mvua na muhuri umekuwa kama doa. Akamwuliza maswali mawili matatu, akasikia lafudhi yake. Kisha akasema mizigo ifunguliwe.

Wakaitoa ile karatasi ya saruji. Wakaitandaza chini.

"Hii ni ramani," Ndassa akasema.

"Si ramani, mzee," Nyandwi akajibu. "Ni viti."

Dada, hata sasa nikikumbuka jibu lile sijui nicheke au nilie. Ndassa alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Viti viko wapi hapa? Mimi naona barabara. Hii moja, hii ya pili, hapa zinakutana. Na hapa mmeandika hasara. Hasara ya nani?"

Nikaruka kutoka kwenye lori, nikaanza kumweleza. Nilimweleza gharama, nilimweleza mapato, nilieleza vibaya kwa sababu ya woga, nikachanganya mistari. Kijana mmoja mwenye bunduki akasema, "Hata wenyewe hawapatani." Ndassa akainua mkono tunyamaze.

"Nyinyi akina mama mna vitambulisho vya kazi na mnatoka hapa hapa kwetu. Nendeni. Huyu atabaki mpaka ofisa aje kutoka wilayani."

"Atakuja lini?" nikauliza.

"Akija."

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Alisema mafuta yake ni ya kibali na hawezi kulala njiani kwa ajili ya abiria. Nyandwi alituambia, kwa sauti ya chini, "Nendeni. Mtihani hausubiri mtu. Mkifika, kumbukeni kusoma swali lote kwanza." Ndivyo alivyosema. Akaketi chini kando ya barabara, mikono juu ya magoti.

Febronia alikuwa juu ya magunia. "Deodata, panda," akaniita. "Panda tafadhali." Nikajua anafikiri nini: Bonaventura, mtoto, ruhusa isiyorudi mara ya pili. Nami nilikuwa nafikiri kitu kimoja tu. Tukiondoka sote wawili, hatabaki hata mtu mmoja pale wa kusema huyu ni nani. Ofisa akija atamkuta mgeni mwenye kibali kilichofutika na karatasi ya mistari, na itakuwa imekwisha. Wakati ule watu walikuwa wanapelekwa mahali na hawasikiki tena mpaka miezi ipite.

Nikamwambia Febronia, "Nenda wewe, utufanyie." Nikachukua kikapu changu. Lori likaondoka, na Febronia akawa anatutazama mpaka kona.

Dada, hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine. Sikufikiri sana wala sikuwa shujaa. Nilitapika nyuma ya kichaka baada ya lori kutoweka.

Nyandwi walimweka kwenye darasa la shule iliyokuwa karibu, na mimi Ndassa mwenyewe alinipeleka kwa mama mmoja anaitwa Anjelika, mjane, aliyenipa ugali na maziwa ya mgando na kitanda cha binti yake. Kwa hiyo wale wanaosema nililala wapi na nani, waende wakamwulize Anjelika. Asubuhi nilikuwa napeleka uji kule shuleni, mlinzi anampa. Siku ya mtihani ikapita tukiwa pale. Nilijua saa ambayo watu wa Mwanza walikuwa wanafungua karatasi, kwa sababu Nyandwi aliangalia jua kupitia dirisha, akageukia ukutani.

Ofisa alikuja kesho yake. Alikuwa kijana, amechoka, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisikiliza, akaigeuza ile karatasi huku na huku, akaniuliza, "Huyu ni nani wako?"

"Si wangu kwa lolote," nikamwambia. "Ni mwenzangu wa masomo."

"Na kwa mwenzako wa masomo umeacha mtihani?"

"Ndiyo."

Akanitazama. Akaniuliza jina la paroko wetu, jina la fundi mkuu wa karakana, na ni nani mwenyekiti wa kijiji cha Nyandwi. Akamwuliza Nyandwi maswali yale yale kando. Majibu yakalingana. Akasema tuachiwe, akapanda gari lake akaenda, ana vizuizi vingine.

Ndassa alitusindikiza mpaka tukapata usafiri wa kurudi. Njiani alisema, "Msinichukie. Mdogo wangu alikuwa Kyaka wakati daraja linavunjwa. Hatujapata habari zake." Nyandwi akampa mkono. Sikumtarajia afanye hivyo, nami nilikuwa bado na hasira, lakini nikampa mkono pia.

Tulipofika nyumbani habari zilikuwa zimetutangulia, zimevaa nguo nyingine. Deodata ameonekana Biharamulo na Mrundi. Deodata ameacha mtihani kwa ajili ya mume wa mtu. Nilimweleza Baba kila kitu, akasikiliza mpaka mwisho, akainuka akaenda shambani. Tangu siku hiyo alinisemesha mambo ya lazima tu. Kuku wamefungiwa? Maji yapo? Unajua Baba akinyamaza nyumba inakuwa kubwa. Mama ndiye aliyekuandikia, na simlaumu, alikuwa anaumia.

Aliyenisaidia ni Niragira. Alikuja Jumapili moja baada ya misa, wakati wanawake wa jirani wamejaa uani kwetu wanachambua maharage. Alikuwa mjamzito, tumbo limefika mbele yake. Akaketi kwenye mkeka katikati yao, akamwambia Mama kwa sauti ambayo wote walisikia, "Mama, nimekuja kushukuru. Binti yako amenirudishia baba wa huyu. Mimi mwenyewe nisingeweza kusubiri kizuizini kama yeye." Wanawake wakaendelea kuchambua. Baada ya hapo maneno yalipungua, ingawa hayakwisha.

Na Febronia je? Febronia alifika Mwanza, akafanya mtihani, akafaulu. Matokeo yalipokuja Februari nilifurahi kweli, nikatuma salamu za pongezi. Hakujibu. Nikikutana naye sokoni alikuwa na haraka. Kanisani alikaa upande mwingine. Jumamosi mimi na Nyandwi tulikaa wawili, na mlango tumeuacha wazi kabisa kwa ajili ya maneno ya watu, na hatukwenda mbele. Nani atukaririshe? Mtihani mwingine ulikuwa Mei. Nilianza kufikiria kuacha.

Jumamosi moja ya Kwaresima tukaona kivuli mlangoni. Ni Febronia, mtoto mgongoni. Alisimama pale pale.

"Mimi niliwaacha," akasema.

"Ulikwenda kufanya mtihani," nikamwambia. "Nilikwambia uende."

"Uliniambia baada ya mimi kuamua. Ulikuwa hujafungua mdomo, mimi nilishaamua." Akaanza kulia, na mtoto akaanza kulia kwa sababu mama yake analia. Nyandwi akasimama, hajui pa kuweka mikono yake. Mwishowe akasema kwa ile sauti yake ya polepole, "Febronia, mimi nilikwambia nenda. Ungekataa ningekuona mjinga. Huyu Deodata nilimwona mjinga."

Tukacheka, Dada, huku machozi yanatiririka. Febronia akaketi, akamlaza mtoto kwenye khanga, akasema, "Haya. Nawaambieni yote yaliyotoka. Swali la kwanza lilikuwa la bajeti." Akakumbuka karatasi nzima, mwanzo mpaka mwisho, neno kwa neno. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja, na alikuwa hana mtihani wa kufanya. Bonaventura alinung'unika mara mbili tatu. Febronia akamwambia, "Mtihani huu ni wa kwangu pia."

Mei tukaenda Mwanza, mimi na Nyandwi na Niragira mwenye kitoto kichanga, kwa sababu alisema safari hii anakwenda mwenyewe. Njia ilikuwa shwari. Kampala ilikuwa imeshatekwa, na vizuizini watu walikuwa wanacheka. Tukafanya mtihani. Tukarudi. Tukasubiri.

Sasa matokeo, ambayo yalitoka mwishoni mwa Agosti. Nyandwi amefaulu, na amefaulu vizuri. Mimi nimeanguka.

Nimeliandika kwa ufupi kwa sababu hakuna njia ndefu ya kuliandika. Sikuanguka kwa mbali, nilipungukiwa kidogo, lakini aliyeanguka ameanguka. Nililia siku moja. Wapo waliosema, unaona, ameliacha la kwake na yule mgeni ndiye aliyepata. Nimejichunguza kama ninasikitika kwamba nilishuka kwenye lori, maana labda Novemba ile, kichwa kikiwa bado cha moto, ningefaulu. Inawezekana. Lakini nikiwaza kupanda lile lori na kumwacha ameketi pale, mikono juu ya magoti, hesabu nyingine zote zinanyamaza. Sisikitiki. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu mwenyewe.

Nitarudia Novemba hii. Wenzangu wote wawili wamemaliza, na Jumamosi bado wanakuja, wanakaa mmoja huku na mmoja huku, mimi katikati kama mshtakiwa.

Sasa nikwambie la wiki iliyopita, kisha nikuache upumzike. Jumamosi Baba alisema ana safari ya Rulenge kutafuta chumvi. Chumvi haipo Rulenge na yeye anajua. Tukaongozana, yeye mbele na mkungu mdogo wa ndizi begani, hasemi. Tulipofika kwenye chumba cha katekesi hakuingia. Aliketi nje kwenye ngazi, akasikiliza somo lote mpaka mwisho, Kiingereza chetu na kelele zetu. Tulipotoka alimkabidhi Nyandwi zile ndizi. Kisha akamwuliza kwa Kihangaza, mimi nikiwa nimesimama pale pale kana kwamba sipo:

"Na huyu wangu, anashindwa wapi?"

Nyandwi alifikiri, kama anavyofikiri swali lolote. "Mzee, kukokotoa anajua. Ila anaanza kukokotoa kabla hajamaliza kusoma swali."

Baba akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Tangu mtoto!" akasema. "Huyu alitaka kutembea kabla hajatambaa. Muulize mama yake!" Febronia naye akacheka, na mimi nikabaki nimesimama, naona haya, furaha imenijaa kifuani. Njia nzima ya kurudi Baba alinisimulia mambo ya utoto wangu ambayo mengine hata wewe huyajui. Tulipofika nyumbani Mama alishangaa kumsikia sauti yake tangu barabarani.

Dada, umsalimu sana shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba ya mama mdogo na bibi na babu. Mama anakusalimu na anauliza kama khanga alizotuma kwa mkono wa sista zilifika. Baba anakusalimu, anasema ukipata likizo uje kabla magoti yake hayajazeeka. Febronia anakusalimu na kukumbusha kwamba ulimpa sauti ya pili kwenye kwaya bila kumwuliza. Nyandwi na Niragira, ambao hamjaonana, nao wanakusalimu. Mtoto wao ni wa kike, na ukifika watakuonyesha wenyewe.

Mungu akulinde zamu zako za usiku na mchana, awape nafuu wagonjwa unaowashika, na Audax aturudishie akiwa na huo unene wake. Uniombee Novemba.

Ni mimi mdogo wako akupendaye sana,

Deodata